Daftari la jumuiya

Akeyo, wamemchukua Godeliva. Yule Mrundi niliyempa chumba cha uani hapa Igogo, yeye na mtoto wake.

Sasa hivi. Wamekuja maafisa wawili wa uhamiaji, na aliyewaonyesha mlango ni Mama Bagenda. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Akeyo. Jumamosi tu tulisali kwangu, akamkumbatia Godeliva huku analia, akamwambia, "Hapa uko kwa ndugu zako."

Nikamuuliza, "Mama, ni wewe umewaita?" Hata hakuangalia chini. "Mwanangu, huruma nayo ina utaratibu wake."

Huruma ina utaratibu. Mtu aliyekuwa analia Jumamosi.

Lakini Godeliva hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Sikuelewa, mpaka afisa alipofungua daftari la jumuiya, alilopewa na Mama Bagenda.

Unajua mimi ndiye katibu. Mgeni akija naandika jina, alikotoka na shida yake, ili tumwombee. Godeliva alisita, nikamwambia sema yote, dada, hili ni daftari la sala.

Afisa akasoma kwa sauti: "Amekimbia Burundi. Hana kibali. Tumwombee."

Mwandiko wangu, Akeyo.