Figo ya Mzee Tamahou kwenye friji ya chai

Mele uko wapi, nijibu. Nimejifungia stoo ya maabara.

Unakikumbuka kile kipande cha figo cha marehemu Mzee Tamahou, nilichokuwa nachunguza seli zake? Leo familia ilikuja kukichukua wakakizike kaburini kwake.

Sasa friji ya maabara imekufa asubuhi. Nikaogopa kitaoza, nikaliweka boksi lake lenye jina la Mzee kwenye friji ya chumba cha chai. Dakika kumi tu, Mele. Nikasahau.

Mjane wake, Bibi Wairata, akasema chai atajitengenezea mwenyewe. Akafungua friji atoe maziwa.

Akakuta jina la mumewe limebanwa kati ya siagi na pai ya nyama ya Profesa.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akauliza, "Huyu ni Tamahou?" Nikasema ndiyo. "Na chakula?" Nikasema ndiyo.

Mimi, Mmaori, niliyelelewa nisikalie hata meza ya kulia, eti makalio na chakula havikutani, sembuse maiti. Mimi ndiye niliyemlaza maiti na siagi.

Profesa akaanza kuomba radhi, Bibi akamkatiza: "Wewe nyamaza, hujui mila zetu. Huyu anajua."

Akanigeukia. "Mjukuu wa nani wewe?" Nikamtaja bibi yangu. Akafumba macho. Kumbe wanaimba kwaya moja.

"Basi kesho utampakata wewe mpaka kaburini. Na utawaambia watu alikuwa amelala wapi."

Bibi yangu atakuwepo, Mele. Huwa anakaa mbele.

Nianzie wapi? Kwenye siagi?