Mashua ya baba mdogo haijazibwa chini

Emelyne shika simu, nakufa.

Ile mashua ninayojifunzia kutengeneza hapa Karema. Jana nilichokonoa pamba kuukuu ya kuzibia maji kati ya mbao za chini, pamba mpya ikaniishia. Nikapaka mawese tu juu, nikasema nitamalizia leo.

Nafika asubuhi, wameshaishusha majini!

Baba mdogo akaniuliza mbele ya wanaume wote, "Fundi, umeziba kote?" Wakacheka, "Huyo bubu atakujibu?" Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa, Emelyne! Nilikuwa nataka tu waache kuniangalia.

Wametweka tanga, wameenda.

Mpigie kaka yako awafuate na boti ya injini. Mwambie inavuja.

Nimepiga kelele, mimi huyu, mpaka sauti imekauka. Wao wananipungia mkono.