Kidevu Chako na Jua la Usevya

Nsemulwa,
Mpanda, Katavi.
Ijumaa, 9 Mei 2025.

Mpendwa Vestina, mtoto wa kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri na unakula vizuri, maana najua msimu wa mpunga ukifika wewe husahau kula. Manyanda mwenzio hajambo? Kabula ameshaota meno? Na mama mkwe wako Nyanzala, lile goti lake limepata nafuu? Msalimie sana kabla hujaendelea kusoma, halafu kaa pembeni usome peke yako.

Sisi huku tu wazima. Presha yangu imeshuka, macho bado yanaona tundu la sindano bila miwani. Kwaya ya parokia wamenipa mimi sare zao zote, na kuna wateja wanaotoka Sitalike, wanawapita mafundi wote njiani mpaka kwenye cherehani yangu. Sijisifu, wenyewe ndio wanasema kola zangu hazilali.

Binti yangu Rosine, dada yako, naye yuko salama Mwanza. Ulimwona kwa macho yako ndani ya lile koti jeupe, sina haja ya kukueleza. Kina mama wanaokuja pale kliniki wakiendesha magari yao wenyewe wanamwita daktari, na yeye anawakatalia, anasema ni fundi wa mashine ya leza tu, daktari ni yule bosi wake. Mimi simkatalii mtu. Wakiniuliza hapa sokoni, nasema ni daktari wa ngozi, basi.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha kuandika. Ningepiga simu, lakini simu yenu mnaiinamia watatu, na mambo ya kidevu cha mwanamke si ya kupigia kelele juu ya kichuguu ukitafuta mtandao. Ezekia, yule konda wa basi la huko kwenu Usevya, alikuja Jumanne kuchukua suruali yake. Akaniambia amekuona mpungani juu ya dungu, lile jukwaa lenu la miti, unaamia ndege na kombeo mkononi, kichwani huna hata kitambaa. Akasema kidevu chako kimekuwa cheusi, upande wa kushoto kina malengelenge, na chote kinang'aa kwa samli. Nilimkabidhi suruali yake bila kuipiga pasi, na mimi sijawahi kufanya hivyo kwa mteja.

Tangu hapo situlii, mwanangu. Nashona, nafumua. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi. Chai nimeiacha ikapoa, nikaipasha, nikaiacha tena.

Kidevu hiki unajua kilikotoka. Bibi yetu alitoka nacho Burundi wakati wa kukimbia, akatugawia wajukuu zake kule kwenye makazi ya wakimbizi Katumba. Baba yako Pontien alipata ndevu, watu wakasema amekua. Mimi nilipata zilezile, ikawa siri ya kufunga mlango. Mpaka leo kila Jumamosi nashika majivu ya baridi, napaka vidole visiteleze, nang'oa moja moja ili Jumapili nisimame kanisani kama wenzangu. Rosine alipokuwa sekondari wavulana walimpa jina la Mzee. Alilia, halafu akaacha kulia akaanza kusoma, na unaona alipofika. Wewe ulikuwa unanyoa na wembe kabla Manyanda hajaamka, kumbe mwenzio anajua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, alikuwa anafumba macho kama amelala ili usione aibu. Siku aliponiambia hivyo nilisema moyoni, kweli huyu mkwe tumempata.

Ndiyo maana nilifurahi ulipokwenda Mwanza, Rosine akuchome mizizi ya ndevu kwa ile leza yake. Ila safari ile uliifupisha. Rosine alitaka ukae kwake kidogo, wewe ukasema mpunga umetoa masuke na ndege wameshaanza kuja, ukapanda basi. Alikueleza yote mlangoni huku unafunga begi, na mimi nawajua watu wanaosikiliza huku wanafunga begi. Kwa hiyo nakuandikia upya, kama alivyonitajia yeye, ila kwa maneno yangu.

Kwanza jua. Hili Rosine analisema mpaka linanichosha. Ngozi iliyopigwa leza ni kama ngozi ya mtoto aliyezaliwa leo, imepata joto kwa ndani hata kama kwa juu inaonekana imetulia. Ukiipeleka juani inajichoma na kuweka weusi, na ngozi zetu sisi hukaa na huo weusi miezi. Aliniambia hivi: "Mama, mashine imeshamaliza kazi yake. Kazi iliyobaki ni ya kivuli." Na wewe umekaa wapi? Juu ya dungu, hakuna jani juu yako, tangu ndege wanaamka mpaka wanalala.

Pili samli. Najua kwa nini umepaka. Nyanzala ni mtu mwema, ameona mkwe wake ana uso mwekundu akaenda kwenye kibuyu akatoa alichonacho kizuri kuliko vyote. Kwao samli inapakwa mtoto, inapakwa bibi harusi, inapakwa aliyeungua. Lakini kwenye ngozi hii mafuta mazito yanafungia joto humo humo, halafu jua linakuja juu yake, na hapo hata kuku angeiva. Usimkatalie kwa ukali. Mwambie shangazi ameagiza samli yote iwekwe, akija ataila na wali mpya. Si uongo, nitaila.

Badala yake chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Chovya kitambaa safi cha pamba, weka juu ya kidevu, kikipata joto chovya tena. Usisugue. Kuoga uso tumia sabuni isiyo na harufu, ile ya kufulia iache ifue. Maji ya moto usinawie, wala usiinamie sufuria ya wali unaochemka. Jikoni kwenye mafiga apike mwingine kwanza. Manyanda ana mikono.

Malengelenge usiyatumbue hata yakiwasha vipi. Yakitoa usaha, au ukisikia homa, au weusi ukizidi kusambaa, nenda zahanati siku hiyohiyo, usingoje barua yangu nyingine. Na ule weusi usiupake krimu ya kung'arisha. Najua zinauzwa mpaka gulioni kwenu, na najua msichana akiona doa anavyokimbilia huko. Hiyo ndiyo itaharibu moja kwa moja. Weusi wa jua unaondoka wenyewe ukipewa kivuli na muda.

Jambo jingine ni nywele. Kuanzia wiki ya pili hivi utaona kama zinaota tena, utasema Rosine amekudanganya. Hazioti. Zimekufa, ngozi inazisukuma nje, ziache zidondoke zenyewe wakati wa kunawa. Usizing'oe, usiguse majivu. Mimi mwenyewe niliposikia hivyo vidole viliniwasha kwa niaba yako, lakini Rosine anasema ukizing'oa mizizi, mara ya pili mashine haina cha kukamata. Zikikukera baadaye, ngozi ikishapona, wembe mpya unaruhusiwa. Na mara ya pili ipo, na ya tatu, maana hakuna anayemaliza kwa safari moja. Ila hawezi kukugusa tena mpaka weusi huu uishe.

Hapo nimemaliza ya kufundisha. Sasa lile lililobaki, nakuomba unisome taratibu.

Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, Athanasie aliyekuwa jirani yetu Katumba alinisimamisha mbele za watu. Habari zilishamfikia, sijui konda huyu amezungumza na wangapi. Akasema, "Mama Rosine, kumbe daktari wako anachoma watu kama mahindi." Wakacheka. Nilikunja zile sare, nikaenda nazo nyumbani.

Nilimpigia Rosine. Nilitaka aniambie ni jua, nirudi kwa Athanasie nimnyamazishe. Yeye akauliza kama malengelenge yalitoka siku ileile ukiwa Mwanza au ndani ya basi, au yalitoka baada ya kukaa mpungani. Nikamwambia ni mpungani, itakuwa wapi kwingine. Akasema, "Mama, usinijibie. Muulize Vestina."

Maana yake ni hii. Kama yalitoka baada ya jua, ni jua na samli. Lakini kama yalitoka mapema, basi aliiweka mashine kali mno kwa ngozi yetu, na anatakiwa ajue, amwambie bosi wake, arekebishe kabla hajamgusa mwanamke mwingine. Tangu siku hiyo ameomba asishike mashine, anapokea wateja tu mezani. Mtoto wangu, ambaye nimemtangaza kutoka Nsemulwa mpaka Sitalike, amekaa mezani anangoja neno lako.

Nitakwambia ukweli. Karatasi ya kwanza ya barua hii nilikuandikia useme ni jua, vyovyote ilivyokuwa. Nikaisoma, nikauona uso wako ulipokuwa mdogo, baba yako ametoka kuzikwa, umeshika kanga yangu huulizi chochote. Nikaichana. Wewe ni mtoto wangu kama yeye alivyo. Kama ni jua, sema ni jua. Kama ni mashine, sema ni mashine, na mimi nitasimama kwenye mazoezi ya kwaya niwaambie hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya Athanasie. Nadhani hujapiga simu kwa sababu hutaki kunivunjia fahari yangu. Fahari yangu ni kubwa, mwanangu, itabaki nyingine.

Lakini barua haishiki kombeo, na mpunga hausubiri mtu apone. Ukishuka kwenye dungu siku chache tu, ndege hao kwelea watamaliza jasho lenu la mwaka mzima, na Manyanda peke yake hawezi kuamia pande zote mbili. Nimelipindua jambo hili usiku na mchana na nimeona jibu lake ni moja. Nakuja. Sare za kwaya nimempa Severini, yule fundi wa jirani, amalizie vifungo, ingawa vifungo vyake mimi sivipendi.

Jumatatu nipo kwenye basi. Dungu ni langu mpaka mvune. Usicheke. Mtama wa babu yetu Katumba niliuamia mimi na baba yako, na sauti yangu iliwatoa ndege hata kwenye shamba la jirani, akawa anatuletea mihogo ya shukrani. Sauti hiyo ninayo, iulize kwaya. Mwambie Manyanda akaze ngazi, mimi si mwepesi kama zamani.

Pamoja na barua hii Ezekia anakuletea kofia. Nimeishona mwenyewe kwa kitenge kizito, ukingo wake mpana kama sinia, na kwa mbele nimetia kitambaa laini cha kushuka mpaka shingoni. Si ya kwendea shambani. Ni ya kutoka nyumbani kwenda chooni na kurudi, basi. Ipo na chupa ya mafuta ya kuzuia jua aliyoituma Rosine. Paka panapozunguka malengelenge, juu yake usipake mpaka pakauke.

Nisalimie Manyanda, mbusu Kabula shavuni, wewe usimsugulie kidevu. Rosine anakusalimu sana, na mjomba wako Melkiadi anauliza lini mtamletea mchele. Mungu aliyemtunza bibi yetu njiani aitunze na ngozi yako, na awafumbe macho ndege wa Usevya mpaka Jumatatu.

Usije kunipokea stendi, jua litakuwa bado kali. Ningoje ndani. Na umwombe radhi mama mkwe wako mapema, maana najua adabu inataka nimsalimu yeye kwanza, lakini nikiingia nitakushika kidevu kwanza, nikigeuzie mwangani, nione mwenyewe, na wewe uniambie siku yalipotoka. Salamu zitafuata.

Ni mimi nikupendaye bila kupumzika,
Shangazi yako,
Mama Rosine.