Ugonjwa wa Kasuku wa Mama

S.L.P. 61,
Kapsoit, Kericho.
21 Septemba 1996

Mpendwa ndugu yangu Nyang'au,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wifi Bilhah. Mnaendeleaje na joto la Mombasa? Huku mvua ya mawe imepiga chai vibaya, lakini tuko.

Nianze na jambo kuu, maana wewe husoma barua nusu kisha unaiweka. Mpeleke mtoto wenu Janefer hospitali apimwe kifua. Mama ana TB.

Tumejua kupitia yule kasuku ambaye Mama aliachiwa na meneja wa shamba la chai aliyekuwa akimpikia. Tangu mwaka jana ndege alikuwa anakonda, anapata nafuu, anakonda tena. Sisi watu wa kuku tukamwekea dawa ya kuku kwenye maji. Kila alipochangamka kidogo tulifurahi kama wajinga. Kisha uvimbe ukatokea kando ya mdomo.

Daktari wa mifugo, Bi. Chemutai, aliukwangua uvimbe, akachukua na kinyesi, akapeleka maabara Nairobi. Majibu yalikawia hadi mahindi yakaanza kukauka shambani. Aliyaleta mwenyewe.

"Hii ni TB ya watu, si ya ndege," akasema. "Kuna mtu alimpatia. Nani anakohoa hapa?"

"Ni mimi tu," Mama akajibu, "lakini hiyo ni moshi ya jikoni."

Unajua alivyokuwa akimlisha: anatafuna mahindi, ndege anachukua mdomoni mwake. Ndivyo alivyotulisha sisi, na ndivyo alivyomlisha Janefer mlipokuja Aprili. Ndiyo maana nataka apimwe.

Kasuku alidungwa sindano ya kumwua ili asituambukize, akafa polepole mikononi mwa daktari. Tulimzika nyuma ya jiko. Makohozi ya Mama yalipopimwa, ikawa ni kweli. Sasa anakwenda zahanati kila asubuhi, anameza dawa bila kulalamika, jambo ambalo hutaliamini. Wanasema atapona asipoziacha.

Mjomba Ondieki na Phelix wanawasalimu sana. Mwenyezi Mungu awafunike nyote, na mtoto zaidi.

Mama ameniomba niongeze haya. Krismasi mje, lakini Janefer abaki kwa kina Bilhah. Nimemweleza kwamba kufikia wakati huo hataambukiza mtu, lakini hataki kusikia. Kisha akaniuliza kama mtoto atamsahau. Nilimwambia hapana, lakini hakuniamini. Mwandikie wewe.

Dada yako akupendaye daima,
Yunia