Kiti cha Kando ya Jescah

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kakamega. Jumanne, tarehe 11 Machi 1969, saa nne na robo asubuhi.

Jina: Sylvanus Mukhwana
Umri: Miaka sabini na minne, kwa kadiri misheni walivyonihesabia
Kazi: Mwalimu, baadaye mkaguzi wa shule, sasa mstaafu
Makao: Shieywe, mjini Kakamega
Yameandikwa na: Koplo Kipsang

Nimekuja kwa teksi na hakuna mtu wa nyumbani anayejua kwamba niko hapa. Sikuitwa. Koplo amenipa kiti chenye mgongo kwa sababu siwezi kukaa wima kwa muda mrefu.

Kwa miaka mitatu na miezi saba nimeficha jambo moja. Mwaka 1965, katika kituo hiki na baadaye mahakamani, niliapa kwamba siku gari letu lilipomgonga na kumuua Philemon Shikuku, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kando ya Jescah, mke wa mwanangu, aliyekuwa akijifunza kuendesha. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Kwa maneno yangu Jescah alifungwa, akaachishwa ualimu, akaondoka nyumbani kwetu. Daktari ameniambia moyo wangu hautafika mavuno. Nataka jina la Jescah lisafishwe nikiwa bado naweza kulisema.

Mwanangu Onesmus alipata kazi Mombasa mwanzoni mwa 1965. Gari lake, Moris ya milango minne, lilibaki kwangu Shieywe. Jescah alikuwa akifundisha shule moja upande wa Sigalagala na alikwenda kwa baiskeli, mvua na jua. Aliniomba ruhusa ajifunze kuendesha. Alikuwa amesimama mlangoni, kama desturi yetu ilivyo. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono, hawali meza moja wala hawakai bega kwa bega. Chakula changu alikiweka mezani na kurudi nyuma kabla sijakisogelea. Nilimkubalia kwa furaha. Mimi mwenyewe nilipata leseni mwaka 1938, na nilijiona mtu wa kisasa.

Mnamo tarehe 7 Juni 1965, kama saa tatu asubuhi, tulikwenda ofisi ya leseni. Nilisimama hatua chache nyuma yake. Karani, kijana mcheshi nisiyemjua jina, alimtazama akasema, "Mama, hapa tunatoa leseni za magari. Za cherehani bado."

Jescah akamjibu, "Basi nipe ya gari. Cherehani ninayo, na haijawahi kuniuliza leseni."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Karani naye akacheka, akachukua kalamu. "Pikipiki ni miaka kumi na sita, gari kama hili lenu ni kumi na nane. Ukitaka kubeba abiria utangoja uzeeke kidogo. Una mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Umri unao. Nani atakufundisha?"

Jescah aliangalia chini. "Baba."

Nilitoa leseni yangu. Karani aliigeuzageuza. "Mzee, hii imenizidi umri hata mimi." Kisha akasoma masharti kwa sauti, na nayakumbuka yote. Vibao vya L mbele na nyuma. Asiendeshe peke yake. Mwenye leseni akae kando yake, mahali anapoweza kushika usukani au breki ya mkono. Karani alirudia, "Kando yake, mzee. Siyo nyuma." Halafu akatuangalia sisi wawili, akaelewa, akatikisa kichwa. "Mkwe na mkwe kiti kimoja? Hiyo nitakuja kuona mwenyewe."

Jioni nilimweleza marehemu mke wangu, Namalwa. Alikuwa anachambua mboga. Alisema, "Kaa naye huko mbele, halafu usirudi kula kwangu. Watu wa Shieywe wanaangalianga."

Nikamwambia, "Ni sheria ya serikali, mama."

"Serikali haitamzika mtu wa hapa."

Sikubishana naye. Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango wa nyuma nikaingia. Jescah alikuwa tayari ameshika usukani. Alisema bila kugeuka, "Baba, yule karani alisema mbele." Nikamwambia, "Endesha tu, Mama Selpher. Sauti yangu itakufikia." Selpher ni binti yao, wakati huo akiwa na miaka miwili. Jescah akawasha gari.

Tulijifunza hivyo kwa Jumamosi tisa. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alibadilisha gia kwa utaratibu, hakuwa na haraka, na kila alipokosea alijicheka mwenyewe. Wanawake wa sokoni walianza kumfahamu. Mmoja alimwita, "Dereva! Kesho unipeleke Kisumu!" naye akamjibu, "Ngoja kwanza nijue kurudi nyuma!" Mimi nilikaa nyuma kama bwana mkubwa. Naona haya kusema kwamba nilikuwa nikifurahia.

Mnamo tarehe 14 Agosti 1965, Jumamosi, tuliondoka Shieywe saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Namalwa alikuwa mgonjwa na sikupata usingizi. Hakukuwa na mvua. Tulishika barabara ya Kisumu kuelekea Khayega. Kama saa nne na dakika tano tulikuwa tukiteremka mteremko ulio kabla ya soko. Philemon Shikuku, fundi wa baiskeli ambaye wengi walimjua, alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Mzigo ulimvuta akaingia barabarani. Gari halikupunguza mwendo. Lilimgonga, likapanda ukingo, likazimika.

Nilitoka. Philemon alikuwa amelala kifudifudi na ndizi zimetapakaa. Alikuwa hai. Watu walimpakia kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja, wakamkimbiza hospitali. Alifariki saa saba mchana. Aliacha mke, Sellah, na watoto wanne.

Watu walikuwa wakikimbia kutoka sokoni. Nilimsikia mmoja akipiga kelele, "Ni mwanamke! Ni mwanamke alikuwa anaendesha!" Mwingine akasema, "Na mzee alikuwa wapi?" Hilo ndilo lililonitisha. Nilifikiria leseni yangu, na jina langu katika shule zote nilizokagua, na masharti yale tuliyosomewa mbele ya foleni nzima. Nilifungua mlango wa mbele upande wa kushoto, nikaketi kando ya Jescah, nikafunga mlango. Polisi walitukuta hivyo, mimi na yeye, bega kwa bega. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Alinitazama mara moja tu.

Koplo ameniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeniona nikihama kiti. Sidhani. Kila mtu alikuwa akimwangalia Philemon.

Kituoni nilieleza kwamba nilikuwa mbele, kwamba nilimwamuru Jescah mara tatu afunge breki, na kwamba alipuuza akakanyaga mafuta. Nilisema hivyo tena mahakamani mwezi Oktoba. Hakimu alimuuliza Jescah kama maneno ya shahidi ni ya kweli. Aliangalia sakafu akasema, "Baba ameshasema." Hakimu akaandika. Hakuna aliyemweleza hakimu kwamba mke wa mtu kwetu hawezi kumwita baba mkwe mwongo mbele ya watu. Mimi nilikuwa pale na ningeweza kumweleza.

Alihukumiwa kifungo cha miezi tisa na akakatazwa kupata leseni. Alipotoka gerezani alikuja nyumbani jioni moja, akasimama mlangoni pale pale. Namalwa akamwambia, "Mtoto ameshatuzoea. Wewe nenda kwenu upumzike." Onesmus alikuwa amekwisha kuandika kutoka Mombasa kwamba hataki mke asiyemsikia baba yake. Jescah alingoja niseme kitu. Nilikuwa nasoma gazeti na niliendelea kulishika. Alikwenda kwa wazazi wake Lugari, na huko ndiko aliko mpaka leo, akilima mahindi. Sijawahi kumtembelea. Selpher ana miaka sita sasa na yuko kwangu. Anapenda kukaa ndani ya ile Moris isiyotembea, ameshika usukani.

Mnamo tarehe 18 Februari mwaka huu ilifika kwangu barua ya ofisi ya elimu yenye jina la Jescah, kwa kuwa anwani yake ya zamani ndiyo iliyoko kwenye jalada lao. Niliifungua. Alikuwa ameomba kurudi kufundisha. Alijibiwa kwamba mtu aliyepuuza amri ya mkubwa wake mara tatu hata akasababisha kifo hawezi kukabidhiwa watoto. Mara tatu ni maneno yangu mimi, neno kwa neno.

Ninaomba nakala ya maelezo haya ipelekwe mahakamani, kwa hao waliomjibu, na kwa Jescah mwenyewe. Sellah, mjane wa Philemon, naye ana haki ya kujua mumewe alikufaje. Niko tayari kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Kama nitakufa kabla, maandishi haya yasimame badala yangu.

Niliyoyajua nimeyasema, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote.

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, lugha anayoielewa vizuri. Amekubali kwamba yameandikwa sawasawa. Nilipomuuliza kwa nini Jescah hakufunga breki ikiwa shahidi alimwamuru, shahidi aliomba maji. Kisha aliomba karatasi aongeze maneno machache kwa mkono wake kabla ya kutia sahihi. Koplo Kipsang, saa sita kasoro dakika ishirini.

NYONGEZA YA SHAHIDI:

Koplo ameuliza swali ambalo mahakama haikuuliza. Nilikuja hapa nikiwa nimekusudia kukiri kiti tu, nikidhani kitatosha.

Siku ile jua lilikuwa likinipiga shingoni kupitia kioo cha nyuma. Pale juu ya mteremko nadhani Jescah aliiona baiskeli ikiyumba, akachanganyikiwa ni kanyagio lipi. Mtu aliyekaa mbele angenyoosha mkono na kuvuta breki. Wito wa kwanza na wa pili niliusikia kwa mbali, kama mtu anayeitwa ndotoni. Wa tatu ulinifungua macho, na kishindo kikafuata papo hapo.

Sikumwamuru Jescah neno lolote. Zile mara tatu nilizoapa zilikuwa zake. Ni yeye aliyeita, "Baba! Baba! Baba!" na mimi nilikuwa nimelala.

(Sahihi) S. Mukhwana