Tulimwambia Mama Kasafiri

Jumatatu, 6 Oktoba
Viatu tena. Nimeamka niwahi kuokota korosho, kandambili zangu hazipo. Za mama hazipo. Nimezikuta kwenye debe la pumba, zimefukiwa kabisa. Mwanaidi huyo. Anaficha viatu vya kila mtu ili asiondoke mtu.

Wiki tatu tangu dada Zainabu afariki. Uzazi. Yeye na kichanga chake. Siku ya mazishi bintiye Mwanaidi tulimpeleka kwa jirani, ndivyo watoto wanavyofanyiwa. Aliporudi akaambiwa mama yake kasafiri, yuko Dar. Nilikuwepo. Sikusema kitu. Nilidhani ndiyo kumsaidia.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimesoma kwenye simu mpaka bando likakata. Kumbe mtoto wa miaka mitano akiwa na wasiwasi hasemi nina wasiwasi. Anasema tumbo. Anakojoa kitandani. Hataki kuachwa hata chooni. Mwanaidi anavyo vyote! Nimefurahi kama mjinga, utadhani nimegundua dawa.

Nikampa mkaa na boksi, achore anachoogopa. Nilitegemea nyoka. Kachora basi la Dar.

Nikamfundisha kupuliza pumzi polepole, kama anapoza uji. Kapuliza vizuri sana. Halafu akaniambia, "Mama mdogo, mama akirudi na yeye nitamfundisha." Furaha yangu ikaishia hapo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimegombana na mama. Nimemwambia mtoto aambiwe. Kaniwakia.

"Mtoto mdogo vile unamwambia kifo? Wewe na simu yako hiyo! Form four yenyewe umefeli, leo daktari?"

Nikamwambia tumbo la Mwanaidi linauma kwa uongo wetu. Kanirushia mwiko. Haujanipata. Halafu kakaa chini kalia, kajifunika kanga usoni mtoto asimuone. Nimejisikia vibaya kupita kiasi. Mwisho kasema kama ni kusema, aseme kaka Salumu. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli kwa watoto wa dada yake. Baba yake Mwanaidi ana mke mwingine Newala, hata hapigi simu.

Kaka yuko Dar kikazi, anarudi Jumapili. Simu haipokei. Nasubiri. Sijui kusubiri mimi.

Jumapili, 12 Oktoba
Siamini.

Kaka kafika saa tisa. Nilikuwa kisimani. Narudi na ndoo kichwani, begi kashalifungua. Gauni la njano, maua kifuani. Namsikia, "Mama yako kakupa zawadi, nimekuletea."

Ndoo nusura inianguke.

Mwanaidi kakimbia nalo ndani. Sijamuona akikimbia tangu msiba. Katoka kalivaa, nyuma halifungi. Mama anavuta, zipu imegoma. Kaka anacheka, "We bonge we, unakula ugali wa nani?" Mwanaidi hakucheka. Kalivua, kalikunja vizuri, kamrudishia.

"Mama kasahau mimi nikoje."

Kaka katoka nje. Nimemkuta nyuma ya choo, kachutama, macho mekundu. Anasema alikadiria tu, alitaka mtoto afurahi. Nimemsema vibaya. Halafu nimekumbuka kuwa mimi nilianza kudanganya kabla yake.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mwanaidi ana homa. Zahanati wamepima, malaria hakuna. Muuguzi kaniuliza, "Huyu nyumbani ana nini?" Nimesema hana kitu. Muongo mkubwa.

Jumanne, 14 Oktoba
Kaka kamwambia leo. Asubuhi, barazani, kwenye mkeka. Maneno tuliyapanga jana. Hakuna kasafiri, hakuna kalala. Mama kakaa mlangoni, kanuna.

"Mwanangu, mama yako hayupo Dar. Nilikudanganya. Gauni nilinunua mimi. Mama yako amekufa."

Mwanaidi kamwangalia.

"Kama kuku?"

Kaka kaniangalia mimi. Nikasema ndiyo. Mwili umeacha kufanya kazi. Hapumui, haumwi, harudi.

"Nilimuudhi?"

Hapana. Kauliza mara nne. Mara nne tumejibu hapana.

"Na nyie mtakufa?"

Kwenye simu waliandika jibu zuri, limenitoka lote. Nikasema siku siijui, ila leo nipo, nakupikia, nalala na wewe.

Ndipo akapiga ukelele. Sijawahi kusikia ukelele ule. Pumzi za uji hazikusaidia kitu. Mama kainuka mlangoni, kambeba kama kichanga, naye kalia kwa sauti, bila kanga usoni. Wamelia mpaka wamechoka wote wawili. Mimi nimekaa najiona kama nimemuua dada mara ya pili.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kakojoa tena. Tumbo bado. Nilidhani ukweli ni panadol, unameza unapona. Siyo. Nina hasira na simu, na kila mtu.

Ila jioni, tunabangua karanga, Mwanaidi kasema, "Mama alikuwa anazila mbichi." Mama kajibu, "Tena nikimkataza!" Tangu msiba habari za Zainabu zilikuwa hazisimuliwi humu ndani mbele ya mtoto. Mama kaendelea kusimulia. Mwanaidi kasikiliza mpaka kasinzia.

Jumamosi, 18 Oktoba
Kaomba kuona mama alipo. Kaka katupeleka makaburini. Wanawake huku hatuendi sana. Mama kanyamaza tu, ndiyo ruhusa yake.

Udongo bado mwekundu. Majani ya mkorosho yamedondokea juu. Kaka kasoma dua. Mwanaidi kasimama katikati yetu, kashika kidole changu. Halafu kakiachia, kasogea, kachuchumaa.

"Shikamoo mama."

Kasubiri. Na sisi tukasubiri.

Halafu kajijibu mwenyewe, taratibu.

"Marahaba."

Tukarudi kwa mguu.