Wakwe Zangu na Kura ya Burungu

Siku ya Mungu, 6 Desemba 1959

Wameniweka kandida wa kura! Mimi, Symphorien Munyakazi, seremala wa mabenchi yenye kutikisika.

Baada ya misa wazee walisimama mbele ya kanisa. Wakasema teritware, wilaya yetu, itakuwa na baraza, na safari hii watu wenyewe njo watachagua wa kuingia. Vilima vyetu vina kiti kimoja. Burungu inamutoa Munyakazi. Niligeuka nyuma nione wanaonyesha nani. Nyuma yangu kulikuwa mbuzi wa padri.

Kule upande wa Kitshanga wamemutoa Kanyamibwa, muchuuzi wa ngombe. Muntu mwema, tena anacheka vizuri kuliko mimi. Yeye anataka barabara ya ngombe zake. Sisi tunataka daraja. Baraza halitapata feza za vyote viwili mwaka huu, kila muntu anajua hivyo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo. Nyirabagenzi, mama wa watoto wangu, alinitazama toka kichwa mpaka miguu. Akasema basi nianze na kiti cha jikoni, kina miguu mitatu tangu Pasaka.

Asante Mungu, hata kwa bibi huyu.

Siku ya Ine, 10 Desemba

Nimepita vilima vyote na miguu. Niliteleza mara nyingi, na tumbo hili si la kupanda nalo Burungu. Kila mahali walinipa viazi. Kila mahali walinicheka.

— Papa Symphorien, benchi yako iliniangusha siku ya ubatizo. Daraja lako litanipeleka wapi?

Niliwajibu kwamba daraja litajengwa na watu wa kazi, mimi nitalisemea tu. Walipiga makofi kwa furaha. Walifurahi sana kwamba sitaligusa!

Lakini nilipotaja mto, wakaacha kucheka. Mwaka jana binti yangu Colette alishikwa na uchungu, tukambeba mu kipoyi, machela ya miti, kwenda dispensari ya Mweso. Miti tuliyolaza juu ya mto ilikuwa imekwenda na mayi. Mutoto alizaliwa palepale, juu ya jiwe, wanaume wanne wakitazama pembeni na mayi mpaka mapajani. Wote wawili wazima, neema tupu. Lakini sasa mudogo wake Agathe njo ana mimba, na masika itamukuta. Mimi naona haya kumuomba Mungu jiwe la pili.

Siku ya Posho, 19 Desemba

Kesho kura. Ajenti mzungu wa serikali amefika na sanduku. Akatueleza pole pole: anayejua kuandika, ataandika mwenyewe. Asiyejua, atamunong'oneza karani jina kwa sikio, karani ataandika kile anachosikia, kile tu, bila kuongeza. Kandida wakae mbali. Hakuna kuonyesha muntu kidole.

Nilirudi nikihesabu. Burungu yangu, Kitshanga yake, vilima vingine nusu-nusu. Halafu nina binti sita, wote wameolewa. Wakwe sita! Vijana wenye nguvu, wananiheshimu, hakuna hata mmoja aliyesoma, lakini midomo wanayo. Nikamuambia Nyirabagenzi: watu walinisikitikia kwa kukosa muvulana, sasa waone.

Alicheka. Hakusema kwa nini. Nilifikiri anafurahi na mimi.

Siku ya Mungu, 20 Desemba

Mistari mirefu, watu wamevaa kama Noeli. Nilimuona muzee mmoja ametoka kupiga kura anashika sikio lake mwenyewe, kama yeye njo alinong'onezewa. Kanyamibwa na mimi tulikaa mbali chini ya paa ya soko, tukala karanga pamoja. Alinipa nyingi. Nilimushukuru. Niliona wakwe zangu wakiingia, mmoja mmoja, wakitoka na jasho. Théogène, bwana wa Agathe, alitoka mbio akaenda moja kwa moja mu migomba. Nikafikiri ni tumbo.

Siku ya Kwanza, 21 Desemba

Nicheke ao nilie?

Walifungua sanduku mbele ya watu wote. Munyakazi. Kanyamibwa. Kanyamibwa. Munyakazi. Tukafika mwisho sawa kwa sawa. Lakini ajenti alikuwa ameweka makaratasi fulani pembeni. Akauliza karani, hizi ni nini? Karani akajibu kwamba aliandika kile alichosikia, kile tu.

Ajenti akasoma kwa sauti:

«Baba ya bibi yangu.»

Akasoma ya pili:

«Ule Muzee mwenye kunipatia Agathe.»

Hapo soko yote ilianguka kwa kicheko. Ya tatu: «Yeye. Karani, unamujua.» Na zingine vilevile. Sita!

Kichwa changu cha mbao! Kwetu mukwe hataji jina la baba ya bibi yake. Hata nyumba ikiungua ataita «Muzee!» tu. Mimi mwenyewe, baba mukwe wangu alikufa miaka kumi sasa, na hapa kwenye karatasi yangu siandiki jina lake. Na bado nilihesabu kura za wakwe kama mayai mu kikapo.

Nilisema kila muntu hapa anajua ni mimi. Kanyamibwa akasimama, kofia mukononi:

— Bwana ajenti, hata mie niko baba mukwe ya watu!

Wakacheka tena. Kweli, anao wawili. Halafu akaongeza, bila kucheka, kwamba moyoni anajua makaratasi hayo ni ya nani, lakini sheria ikiandika jina, ni jina. Sikuweza kumukasirikia. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo.

Ajenti aliamua: karatasi bila jina haihesabiwi. Kwa kuwa tuko sawa, kura itarudiwa siku ya Mungu inayokuja. Majina tu.

Jioni Nyirabagenzi alikiri kwamba alijua tangu mwanzo. Mbona hukuniambia? Akasema nilikuwa nahesabu kwa raha sana.

Siku ya Tano, 25 Desemba

Noeli. Nyama, watoto wa watoto, asante Mungu. Wakwe walikula upande wao, hawakuinua macho. Wamesikilizana: Théogène akiweza kutaja, wote watafuata. Agathe alipita mbele yake polepole, mikono juu ya tumbo.

Siku ya Posho, 26 Desemba

Kesho njo kura ya pili. Théogène amekuja asubuhi, mvua ikinyesha. Amesimama mu lupango, kiwanja cha nyumba yetu, ametupa mugongo. Anaomba ruhusa ya kutaja jina. Nilimuambia Nyirabagenzi mambo haya ni yake, mimi niko jina tu. Niko ndani, naandika juu ya goti. Nikitoka akaniona uso, kazi imekufa.

Nyirabagenzi amesimama nyuma ya mulango, anasemea kwa ufa.

— Ruhusa umepata. Utaleta pombe ya kasiksi kisha, tutasafisha kinywa yako. Sasa sema, nisikie.

— Mama, ulimi inakatala.

— Agathe akilala katikati ya mayi, ulimi yako itasema nini?

Nilimuonyesha Nyirabagenzi kwa mukono: polepole, huyu ni mutoto wa watu. Kule mu migomba naona miguu ya wengine, wanafikiri majani yanawaficha. Wote watano. Wamekuja kusikia.

Anakohoa.

— Mu...

Ameomba radhi. Amefunika uso na kofia. Nyirabagenzi anamuambia huo ni mwanzo muzuri, avute pumzi. Mimi pia nimevuta, sijui kwa nini. Katika maisha yangu sijawahi kutamani hivi kusikia muntu akiniita.

— Munya...